Hempu na Bangi: Mmea Mmoja, Sheria Mbalimbali

Mmea ambao wanasayansi huuita Cannabis sativa ndio unaotoa bangi inayosokotwa na kuvutwa kwa kificho, na ndio huohuo unaotoa nyuzi za nguo, mafuta ya mbegu, sabuni na unga wa lishe vinavyouzwa waziwazi Ulaya, Marekani na China kwa jina la hempu. Kimoja humpeleka mtu gerezani na kingine kina maduka yake, ilhali mtaalamu wa mimea akiwekewa mezani jani la huku na jani la kule hawezi kuapa kwa macho tu kwamba hili ni la hempu na lile ni la bangi. Tofauti yao ni ya kemia kwanza na ya sheria baadaye, na kwa kuwa kila nchi hujitungia sheria zake, kilicho hempu upande mmoja wa mpaka huweza kuwa bangi upande wa pili bila chochote kubadilika ndani ya kifurushi.

Jambo hili linaweza kuonekana kuwa la mbali kwa mkazi wa Igunga, wilaya ya mkoa wa Tabora inayojulikana zaidi kwa pamba, mpunga na ng'ombe wa mbuga ya Wembere, lakini Igunga imekaa juu ya barabara kuu itokayo Singida kupitia mteremko wa Sekenke kwenda Nzega, na kutoka hapo kuelekea Mwanza na mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori ya nchi jirani hupita hapo usiku na mchana, mabasi hubeba vifurushi, na ndugu walio ughaibuni hutuma zawadi ambazo siku hizi huweza kujumuisha chupa ya mafuta ya kudondosha chini ya ulimi au pakiti ya pipi laini yenye picha ya jani lenye vidole saba. Mpokeaji anayesoma kwenye pakiti kwamba bidhaa hiyo ni halali hana budi kujua swali linalofuata, yaani halali kwa sheria ya nani.

Mizani ya muhogo

Njia nyepesi ya kulielewa jambo hili ni kuutazama muhogo. Muhogo mtamu unaotafunwa mbichi na muhogo mchungu ambao lazima uvundikwe na kuanikwa mpaka uwe udaga ni spishi moja, na mgeni akiingia shambani hawezi kuyaamini macho yake kuitofautisha. Kinachoitenga ni wingi wa sayanidi, sumu ambayo mmea hujitengenezea kwa kujilinda dhidi ya wadudu na wanyama. Tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula kwa niaba ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WHO, huuhesabu kuwa mtamu muhogo wenye sayanidi chini ya miligramu 50 katika kila kilo ya muhogo mbichi, na kwa unga wa muhogo imeweka kikomo cha miligramu 10 kwa kilo. Ulimi wa mkulima ulijua tofauti hiyo karne nyingi kabla ya Codex, lakini biashara ya kimataifa haiwezi kutegemea ulimi, kwa hiyo ilihitaji namba.

Hempu na bangi zimetengwa kwa mantiki hiyohiyo. Katika mmea huu kemikali inayopimwa ni tetrahaidrokanabinoli, ambayo kwa ufupi huandikwa THC, nayo ndiyo inayomlevya mtumiaji. Ilitengwa na kuelezwa kikamilifu mwaka 1964 na wanakemia Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni huko Israel. Hukaa hasa katika utomvu unaotolewa na vinyweleo vidogo vya maua ya mmea jike, kwa maana mmea huu kwa kawaida huwa na miche dume na miche jike. Shina lina kiasi kidogo mno, na mbegu yenyewe karibu haina kabisa, isipokuwa ule utomvu unaoweza kuigandia kwa nje wakati wa kuvuna. Kemikali ya pili inayotajwa sana ni kanabidioli, au CBD, ambayo hailevyi, na ambayo dawa iliyotengenezwa kwayo, Epidiolex, iliidhinishwa nchini Marekani mwezi Juni 2018 kwa ajili ya aina mbili adimu za kifafa cha utotoni.

Hempu, kwa hiyo, ni jina la aina za mmea huu zilizochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya nyuzi au mbegu, zikiwa na THC kidogo kiasi kwamba hakuna anayeweza kulewa kwa kuzivuta. Bangi ni jina la aina zilizochaguliwa kwa ajili ya ulevi huo, na maua yake yanayouzwa siku hizi huweza kuwa na THC ya asilimia 15, 20 au zaidi. Namna ya kulima nayo hutofautiana, kwani mkulima wa nyuzi hupanda kwa kusongamanisha ili mashina yarefuke bila matawi, ilhali mkulima wa bangi huipa miche nafasi itanue matawi na hung'oa madume ili majike yasitoe mbegu. Hata hivyo nafasi kati ya miche ni dalili tu, haiwezi kuwa ushahidi, na ndiyo maana nchi zilizoiruhusu hempu zimelazimika kujenga mfumo mzima wa maabara kwa ajili yake.

Asilimia 0.3 ilikotoka

Namba inayotajwa mara nyingi zaidi duniani ni asilimia 0.3 ya THC katika uzito wa mmea mkavu, maana yake gramu 3 katika kila kilo. Chimbuko lake ni maandishi ya kitaaluma ya mwaka 1976, ambamo mtaalamu wa mimea wa Kanada, Ernest Small, na mwenzake wa Marekani, Arthur Cronquist, walijaribu kuupanga mmea huu katika makundi na wakahitaji mahali pa kupitisha mstari. Walieleza waziwazi kwamba mstari huo ni wa kuamuliwa na watu, haukuchongwa na maumbile, kama ambavyo hakuna mlima wala mto unaotenganisha miligramu 49 za sayanidi na miligramu 51. Baadaye watunga sheria waliokuwa wakitafuta namba waliikuta hiyo imekwisha kuandikwa, wakaichukua.

Marekani iliiingiza namba hiyo katika sheria ya kilimo iliyotiwa saini tarehe 20 Desemba 2018, ambayo iliiondoa hempu kwenye orodha ya dawa za kulevya za serikali kuu na kuiruhusu ilimwe kwa leseni. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitumia asilimia 0.2 mpaka ulipopanda kufika 0.3 kuanzia Januari 2023, na Uswisi inaruhusu mpaka asilimia 1. Mtu anayesafiri kutoka Zurich kwenda Paris akiwa na ua lenye asilimia 0.8 huanza safari akiwa raia mwema na kuimaliza akiwa mtuhumiwa.

Namba hiyo inapofika shambani huwa na makali yake. Kiasi cha THC hutegemea zaidi uzao wa mbegu, na huongezeka kadiri ua linavyokomaa, hivyo mkulima aliyepanda mbegu ya hempu kwa nia safi anaweza kuvuna kitu ambacho sheria inakiita bangi kwa sababu tu alichelewa kuvuna. Kanuni za Marekani zinataka sampuli ichukuliwe ndani ya siku 30 kabla ya mavuno, na shamba likizidi kikomo mazao yake hayawezi kuuzwa, lazima yaharibiwe au yarekebishwe mpaka yafae. Nafuu pekee ni kwamba mkulima aliyejitahidi na ambaye mazao yake hayakuvuka asilimia 1 hahesabiwi kuwa amefanya uzembe.

Namba hiyohiyo ina upenyo wake pia. Asilimia 0.3 ni kidogo katika ua, lakini katika pipi yenye uzito wa gramu 4 ni miligramu 12 za THC, kiasi kinachotosha kumlevya mtu asiyezoea, na kwa miaka kadhaa viwanda vya Marekani viliuza pipi na vinywaji vya namna hiyo kwa jina la hempu bila kuvunja sheria kama ilivyoandikwa. Mwezi Novemba 2025 bunge la nchi hiyo liliamua kubana upenyo huo kwa kuweka kikomo cha miligramu 0.4 za THC kwa kifungashio kizima cha bidhaa inayomfikia mlaji, na kuipa biashara mwaka mmoja kabla ya kikomo hicho kuanza kutumika. Bidhaa iliyonunuliwa huko kihalali na kufungwa katika sanduku la kuja Tanzania inaweza, kwa hiyo, kuwa haramu hata mahali ilikotoka kabla haijaliwa ikaisha.

Jina lenye mitego

Ugumu wa pili uko katika lugha. Neno la Kiingereza ambalo Kiswahili kimelitohoa kuwa hempu limekuwa likibandikwa kwa karne nyingi kwenye mimea isiyo na uhusiano wowote na bangi, kwa sababu mabaharia na wafanyabiashara wa Ulaya, waliozoea kamba za hempu, walilitumia kwa kila mmea uliotoa nyuzi ngumu. Abaka ya Ufilipino, ambayo ni jamaa wa mgomba, ikaitwa hempu ya Manila. Mmea mmoja wa jamii ya kunde, ulio wa jenasi moja na marejea inayopandwa Tanzania kurutubisha udongo, ukapewa jina hilo pia. Na mkonge, ulioletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imesalimika safarini, uliuzwa katika masoko ya dunia kama hempu ya sisal. Kamba iliyoandikwa jina hilo inaweza kuwa ni mkonge mtupu wa Tanga.

Kiswahili kina mtego wake mwingine. Neno katani, lenye asili ya Kiarabu na udugu wa karibu na kitani, yaani nguo ya nyuzi za mmea mwingine kabisa, limewahi kutumiwa na watafsiri kwa maana ya hempu, lakini kwa Mtanzania wa leo katani ni nyuzi za mkonge na hakuna kingine. Anayesoma tafsiri inayosema kwamba nchi fulani imehalalisha kilimo cha katani atashangaa ilikuwa haramu tangu lini. Kwa sababu hiyo baadhi ya waandishi hupendelea kusema bangi ya viwandani, jina ambalo lina faida ya kumkumbusha msomaji kwamba mmea ni uleule.

Jina bangi lenyewe lina historia inayoeleza kwa nini Afrika Mashariki haikuwahi kuwa na majina mawili. Neno hilo linatokana na lugha za Bara Hindi, na mmea uliofika pwani ya Waswahili kupitia Bahari ya Hindi ulikuwa wa uzao wa Asia uliochaguliwa kwa ajili ya ulevi na tiba, si wa uzao wa Ulaya uliochaguliwa kwa ajili ya kamba na matanga. Kutoka pwani ulifuata njia za misafara kuingia bara, na wasafiri wa karne ya 19, akiwemo Richard Burton aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, waliandika juu ya uvutaji wa bangi kwa viko vya maji vilivyotengenezwa kwa vibuyu. Mjerumani Hermann von Wissmann, aliyepita Tabora mwaka 1882 na baadaye akawa gavana wa koloni la Ujerumani, alikuwa ametokea Kasai, nchini Kongo ya leo, ambako alikuta jamii iliyojiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi, na iliyoufanya uvutaji huo kuwa sehemu ya ibada na umoja wao. Kwa kamba na vyombo Wanyamwezi walikuwa na magome ya miyombo, ambayo pia yalitoa mizinga ya nyuki, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuutafutia mmea huo kazi ya nyuzi.

Sheria za kimataifa ziliukuta mmea huo ukiwa na sifa hiyo moja. Mkataba wa Geneva wa tarehe 19 Februari 1925, uliotokana kwa sehemu kubwa na shinikizo la Misri, uliuweka chini ya udhibiti kwa jina la hempu ya Kihindi, kana kwamba ni mmea tofauti na ule wa Ulaya, na jina hilo likaingia katika sheria za makoloni ya Uingereza. Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961 uliachana na jina hilo na kuutaja mmea wote, lakini katika kifungu chake cha 28 ukasema kwamba hauhusu kilimo kinachofanywa kwa ajili ya nyuzi na mbegu za viwandani pekee au kwa ajili ya bustani. Mkataba huo haukutaja asilimia yoyote ya THC, kwa kuwa ulipotungwa kemikali hiyo ilikuwa bado haijaelezwa kikamilifu. Uliangalia makusudi ya mkulima, ukaziachia nchi wanachama uhuru wa kuwa kali zaidi iwapo zingependa.

Sheria ya Tanzania inavyosema

Tanzania Bara ilichagua ukali huo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, namba 5 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1995 na kurekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 2017, inaihesabu bangi miongoni mwa mimea iliyopigwa marufuku pamoja na mirungi, koka na mmea wa afyuni, na hakuna asilimia ya THC iliyotajwa humo ambayo ikifikiwa au isipofikiwa mmea wa jenasi hii hutoka katika kundi hilo. Zanzibar ina sheria na mamlaka yake, nayo ilitunga upya sheria hiyo mwaka 2021. Mstari ambao Marekani imeupitisha katikati ya mmea, Tanzania imeupitisha kwenye mmea wenyewe: ukiwa ni Cannabis, ni bangi.

Adhabu zinaifuata mantiki hiyo. Kulima mmea uliopigwa marufuku kumewapeleka watu jela kwa miaka 30, na usafirishaji wa bangi, neno ambalo katika sheria hii lina maana pana inayogusa kubeba, kuhifadhi, kuuza na kupokea, huadhibiwa kwa kifungo cha miaka 30 kwa viwango vya chini na kifungo cha maisha kwa viwango vikubwa. Kukutwa na kiasi kidogo cha matumizi binafsi kuna adhabu nyepesi zaidi, ingawa bado ni kosa la jinai. Kinachostahili kuangaliwa ni kipimo kinachotumika kutenganisha viwango hivyo, ambacho ni kilo. Sheria hupima uzito, haipimi ukali. Kilo moja ya maua ya hempu yenye gramu 3 za THC, ambayo hayawezi kumlevya anayeyavuta, na kilo moja ya skanka, aina ya bangi kali inayoingizwa kutoka nje, huwa na uzito uleule katika mizani ya mahakama.

Katika mashauri haya mahakama hutegemea sana taarifa ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi za kanda, ikiwemo ile ya Mwanza kwa Kanda ya Ziwa. Kazi ya mkemia ni kuthibitisha kwamba jani lililoletwa ni bangi, na Mahakama ya Rufani imesisitiza mara kwa mara kwamba mlolongo wa utunzaji wa kielelezo, tangu kinapokamatwa mpaka kinapofika maabara na kurudi mahakamani, lazima ueleweke bila pengo. Mshtakiwa anaweza kushinda kwa sababu ya pengo katika mlolongo huo; hana utetezi wa kusema kwamba asilimia yake ilikuwa ndogo, kwa kuwa sheria haikuwahi kuiuliza.

Nguvu ya utekelezaji iko mikononi mwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoanza kazi mwaka 2017, ambayo operesheni zake za kufyeka mashamba katika maeneo kama Kisimiri Juu wilayani Arumeru husikika mara kwa mara katika taarifa za habari, na ambayo katika hesabu zake za vitu vilivyokamatwa huzitaja mbegu za bangi pia. Bidhaa zilizosindikwa huangukia vilevile katika milango mingine miwili: dawa lazima isajiliwe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na vyakula na vipodozi vimekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019. Mafuta ya CBD yanayotangazwa mtandaoni kuwa yanatibu maumivu ya viungo na kukosa usingizi yana, kwa hiyo, maswali mawili ya kujibu hata kabla ya lile la bangi, yaani nani ameyasajili kuwa dawa na nani amethibitisha kilichomo.

Majirani waliochukua njia nyingine

Ukali huo unaonekana zaidi unapowekwa kando ya hatua za majirani. Malawi ilipitisha sheria ya kusimamia bangi mwaka 2020, ikaruhusu kilimo cha hempu na cha bangi ya tiba kwa leseni. Zambia ilitunga sheria mbili mwaka 2021, moja ya bangi na nyingine ya hempu ya viwandani. Rwanda mwaka huohuo ilitoa amri ya waziri inayoruhusu kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kusafirisha nje, huku matumizi ya ndani yakibaki marufuku, na Uganda imewahi kutoa ruhusa kwa kampuni iliyolima wilayani Kasese na kuuza nje. Nchi zote hizo nne zinapakana na Tanzania, na shehena za kutoka na kwenda Rwanda hupita katika barabara ileile ya Igunga na Nzega.

Wananchi wa eneo hili si wageni wa hali kama hiyo, kwa maana mirungi imekwisha kuwafundisha. Kenya inaitambua mirungi, huko ikiitwa miraa, kuwa zao la biashara, mkulima wa Meru hulipwa kwalo na serikali hulitafutia masoko, wakati upande wa Tanzania majani hayohayo yamo katika sheria moja na bangi na mashamba ya Same hung'olewa. Mmea haukubadilika mpakani Namanga. Kilichobadilika ni mamlaka ya kuutaja. Leseni ya Malawi au cheti cha maabara ya Zambia ni hati yenye nguvu ndani ya mipaka ya nchi iliyoitoa, na mbele ya askari wa Igunga ni karatasi inayoeleza kwamba kilichomo ni Cannabis.

Hoja za kutaka Tanzania nayo ifungue mlango zimewahi kusikika hadi bungeni, zikitaja mapato na tiba. Hoja za upande wa pili zina uzito wa vitendo: askari wa doria hana kipimo cha kumwambia shamba lipi ni la asilimia 0.3 na lipi ni la 15, mche mmoja wa bangi hujificha vizuri zaidi katika shamba la hempu kuliko popote pengine, na mfumo wa leseni, sampuli na maabara unaofanya kazi Ulaya hugharimu fedha ambazo lazima zitoke mahali fulani. Mkulima wa Tabora anaelewa vyema zao la masharti ni nini, kwani tumbaku hailimwi bila usajili na mkataba, na mbegu ya pamba hupita mikononi mwa Bodi ya Pamba na vyama vya ushirika vya msingi. Zao la hempu lingehitaji vyote hivyo pamoja na mkemia kando ya kila shamba kabla ya mavuno.

Kifurushi na shamba

Kwa msomaji anayetaka kujua asimame wapi leo, bidhaa za hempu zinaweza kugawanywa kwa kadiri ya hatari yake. Nguo, kamba na karatasi hutokana na shina, hazina kinacholiwa wala kinachovutwa, na ndizo zilizo mbali zaidi na makusudi ya sheria. Mafuta na unga wa mbegu huwa na THC ya chembe tu, lakini mbegu nzima inayoweza kuota ni habari nyingine, kwa kuwa ndiyo mwanzo wa shamba. Mafuta ya CBD, pipi, biskuti na vinywaji viko hatarini zaidi, maana maneno ya kwenye pakiti hayathibitishi kilichomo, na kiasi kidogo cha THC hakivifanyi viwe halali hapa nchini. Maua makavu ya hempu yanayouzwa Ulaya kwa ajili ya kuvutwa ndiyo ya hatari kuliko yote, kwa sababu kwa harufu, kwa sura na kwa sheria ya Tanzania ni bangi.

Mwenye shamba anayeshawishiwa na mtu wa mbali kupokea mbegu za zao jipya la nyuzi linalostahimili ukame na lenye soko la uhakika anapaswa kuuliza jina la kisayansi la mmea huo kabla ya kuuliza bei, na jibu likianza na Cannabis mazungumzo yamalizike hapo mpaka kibali cha maandishi cha mamlaka ya Tanzania kionekane. Anayetumiwa zawadi kutoka nje naye afanye vivyo hivyo kwa kusoma orodha ya viambato, akikumbuka kwamba Kanuni ya Adhabu haikubali kutoijua sheria kuwa utetezi, na kwamba zawadi inayopitia viwanja vya ndege vya nchi za Ghuba hukutana na sheria nyingine njiani.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania, na siku ambayo nchi itaamua kupitisha mstari wake katikati ya mmea huu, kwa namba yoyote itakayoichagua, kazi ya kwanza ya mwandishi wa sheria itakuwa kutafuta jina la upande usiolevya, kwa kuwa katani limekwisha kuchukuliwa na mkonge na hempu bado ni mgeni. Muhogo ulipata majina yake mawili kwa sababu walioula walihitaji kuyajua ili waishi. Mmea huu haujafika hapo, na katika kitabu cha sheria kilichopo, shina lake, ua lake na pipi yake vinaitwa kwa jina moja lililokuja na majahazi, ambalo ni bangi.